Meza ya kushonea: historia ya kazi moja hapa Beni



Katika kikao chetu kilichopita tulibishana juu ya meza mpaka jua likazama. Swali lilikuwa hili: ile feza kidogo iliyo katika kasha letu, tununue mashini zingine za kushona, ao tutengeneze meza kwa wale walio na mashini tayari lakini hawana fasi ya kuiweka? Wengine walisema meza si kitu, mtu anaweza kushona hata juu ya sanduku. Wengine walikataa kabisa. Mwishoni mzee mmoja, fundi wa kushona tangu wakati wa Mobutu, akatuambia: "Munabishana juu hamujue ile meza ilitoka wapi." Alikuwa na haki. Tukaenda kuuliza wazee, tukakusanya tunayoyajua, na hapa tunawaletea.

Miguu iliyobaki

Wengi wetu tuliporudi kwenye parsele zetu, upande wa Oicha, wa Mbau, wa Kamango, ao katika kartie za pembeni za mji, tulikuta nyasi zimepita kimo cha mtu. Nyumba iliyochomwa haiachi vitu vingi. Mabati yanajikunja, milango inakuwa majivu, sufuria zinachukuliwa na wapita njia. Lakini katika parsele zaidi ya moja tulikuta miguu ya mashini ya kushona ingali imesimama: ile miguu ya chuma iliyochorwa maua na herufi pembeni, na pedali yake chini, na gurudumu lake kubwa. Chuma cha namna ile hakiungui kwa moto wa nyumba. Ubao wa juu ulikuwa umekwisha. Kichwa cha mashini kilikuwa kimebebwa na mwenyewe, ao na mwingine.

Basi tukaelewa kitu ambacho fundi yeyote anajua bila kukisema. Mashini ya kushona iko na sehemu tatu: kichwa, miguu na meza. Kichwa ni chuma kizito, kilo kumi na mbili na zaidi, lakini mama mwenye nguvu anaweza kukifunga ndani ya kikwembe na kukimbia nacho. Miguu haikimbii. Inabaki inangoja. Meza ndiyo inayoungua. Na kwa sababu ndiyo inayoungua, ndiyo hatuifikirii. Watu wakituuliza tulipoteza nini, tunasema "mashini". Hakuna anayesema "meza".

Njia iliyoleta kichwa

Mwaka 1851, kule Marekani, Isaac Singer alipata hati ya serikali ya mashini yake ya kushona. Hakuwa wa kwanza kutengeneza mashini ya namna hiyo, lakini kampuni yake ilijua kuuza. Tangu miaka ya 1850 walianza kuuza kwa kredi: mtu analipa kidogo, anabeba mashini nyumbani, kisha anaendelea kulipa kila mwezi. Mwaka 1885 walifungua kiwanda kikubwa sana Clydebank, katika Scotland, ambacho kilifanya kazi mpaka 1980. Ukikuta leo Beni kichwa cha zamani cheusi chenye maua ya dhahabu, angalia namba iliyopigwa kwenye chuma upande wa kulia. Kwa ile namba watu wanaweza kujua ilitengenezwa mwaka gani.

Zile mashini zilifika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki kwa meli, kisha zikapanda na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye ziwa, Kisumu, mwaka 1901. Ilifika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese, karibu kabisa na mpaka wetu. Kutoka Kasese mzigo ulikuwa unavuka Mpondwe na Kasindi, na kutoka Kasindi mpaka Beni ni kilomita kama 80. Ndiyo maana hata leo ukimuuliza fundi wa Beni sindano zake zinatoka wapi, mkono wake unaonyesha upande wa Kasindi, hauonyeshi upande wa Kinshasa.

Ile mashini ya zamani ilikuja pamoja na meza yake. Ubao wake wa juu ulikuwa wa Ulaya, umebandikwa ngozi nyembamba ya mti mzuri, na droo ndogo pembeni za kuwekea mikasi na nyuzi. Ilikuwa meza ya kupendeza, lakini haikuwa meza ya hapa. Gundi ya wakati ule ilitengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na unyevu ukiingia gundi hiyo inalegea. Ninyi wote mnajua mvua ya Beni. Wazee wanatusimulia kwamba ubao wa juu ulikuwa unavimba, unapasuka, ngozi yake inatoka vipande vipande. Ndipo fundi wa mbao wa hapa alipoitwa, akatoa ule ubao wa Ulaya, akaweka mwingine wa mti wa pori, mvule ao mti mwekundu kutoka upande wa Ituri, akakata tundu la kichwa kwa kufuata lile la zamani. Kwa hiyo meza ya kujitengenezea wenyewe si mawazo mapya ya chama chetu. Ni kazi iliyofanyika hapa kitambo sana.

Baraza ya wanaume, darasa la wanawake

Mapadri Waasumsioni walifika upande wetu wa Beni na Lubero mwaka 1929, na masista wakafuata. Katika Kongo ya Wabelgiji, masista na foyer social ndio waliofundisha wanawake kushona: sindano ya mkono, kutia viraka, nguo za watoto, mashuka. Nia ilikuwa mwanamke atunze nyumba vizuri. Kazi ya kushona kwa feza ilikuwa ya wanaume. Tayeri alikaa na mashini yake ya miguu kwenye baraza ya duka la mfanyabiashara. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho, tayeri anampima palepale, na jioni nguo iko tayari.

Angalieni basi meza ilikuwa ya nani. Mara nyingi baraza ilikuwa ya mwenye duka, na mashini pia, na meza pia. Tayeri alikuwa na mikono yake tu na kamba yake ya kupimia. Mwanamke hakuwa na meza hata kidogo: alishona akiwa amekaa juu ya mkeka, kitambaa juu ya magoti. Hivyo tangu mwanzo, ukitaka kujua nani anapata feza kwa kushona, usitazame nani anajua kushona. Tazama nani anakaa mbele ya meza.

Wakati wa Zaïre

Oktoba 1971 inchi yetu ikaitwa Zaïre. Mobutu akakataza tai na koti la Kizungu, wakubwa na makarani wakavaa abacost. Wanawake wakakatazwa suruali, kikwembe kikawa vazi la heshima, la kanisani, la sikukuu na la ofisini. Kwa mafundi wa kushona ilikuwa neema. Abacost haikuwa nguo ya kununuliwa rahisi sokoni. Iliitaka mikono ya fundi. Kola yake lazima ilale sawa, mifuko ilingane, na kwa hiyo lazima kitambaa kikatwe juu ya meza pana na nyororo, kisha kipigwe pasi ya makaa juu ya meza hiyohiyo. Yule mzee wetu anasema: "Libaya unaweza kuikata chini ya muti. Abacost, hapana." Vikwembe vilitoka Uholanzi kwa wenye uwezo, lakini pia kutoka viwanda vya inchi, Utexléo ya Kinshasa, iliyoanza tangu wakati wa Wabelgiji, na Sotexki ya Kisangani.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazaïre. Katika sehemu nyingi za inchi biashara zilianguka. Kwetu, wafanyabiashara wa Butembo na Beni walishika kazi kwa nguvu zao wenyewe: kahawa kwenda Uganda na Kenya, mboga na maharagwe kwenda mbali mpaka Kinshasa, na vitambaa kurudi. Mwandishi Janet MacGaffey aliyechunguza uchumi wa Zaïre aliandika juu yao, namna walivyojenga biashara bila kungoja serikali. Lakini hata chini ya mwenye duka mpya, kijana wa kushona aliingia kwa masharti yaleyale. Alijifunza miaka, akafagia, akapiga pasi, akashona vifungo, na kazi yake ikahesabiwa malipo ya fasi aliyopewa mezani.

Wakati huohuo shule za wasichana zilifundisha ushonaji, ile tunayoita mpaka leo kupe-kutire. Wasichana wengi walimaliza na diploma mkononi. Walijua kukata, walijua kuchora patron. Lakini mashini na meza vilibaki shuleni. Wamama wengi wa chama chetu ni wanafunzi wa zile shule, na wanatuambia neno moja: tulirudi nyumbani na ujuzi, lakini hatukuwa na fasi ya kuuweka.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akakubali vyama vingi, na tai ikarudi shingoni. Abacost zikaingia ndani ya masanduku. Nguo za mitumba zikajaa masoko. Tayeri wa koti akabaki bila mteja, lakini mshonaji wa vikwembe na wa yunifomu za masomo aliendelea, kwa sababu hakuna mtumba wa kikwembe kilichoshonwa kwa kipimo chako, na kila Septemba watoto wanahitaji nyeupe na bluu.

Meza ya tripleksi

Wafanyabiashara wa Butembo walikwenda mbali zaidi: Dubai, kisha Uchina, Guangzhou. Makontena yakaanza kufika na mashini za Uchina, kama zile za Butterfly za Shanghai, zilizofuata umbo la Singer ya zamani. Kichwa kinafanana, miguu inafanana, hata maua yanafanana. Bei ilishuka, na kwa mara ya kwanza mama aliyeweka feza kidogo kidogo katika MUSO aliweza kununua mashini yake mwenyewe.

Hapo ndipo kilipozaliwa chumba cha kushonea nyumbani. Hakikuwa chumba kwa kweli. Ilikuwa kona ya sebule, karibu na dirisha, na rido ya kutenganisha na vitanda. Mteja anabisha hodi, anakaa kwenye kiti kimoja, anapimwa. Mama anashona huku anaangalia sufuria na mtoto. Hakuna kodi ya baraza, hakuna mwenye duka. Na usalama ulipoanza kuharibika, kazi ya nyumbani ilikuwa na faida nyingine: mama hakulazimika kurudi kutoka sokoni usiku.

Lakini meza iliyokuja na ile mashini ilikuwa ya tripleksi. Ikiwa ndani ya nyumba ya bati isiyovuja, inadumu. Ikinyeshewa hata mara moja, inavimba kama mkate ndani ya chai, tundu la kichwa linabana ao linapanuka, screw zinalegea, na kichwa kinaanza kucheza. Kichwa kikicheza, mshono unapinda. Mteja haulizi meza yako ni ya nini. Anaona mshono umepinda, anakwenda kwa mwingine.

Miaka ya kukimbia

Sasa tunafika kwenye miaka ambayo ninyi wenyewe mnaijua kutupita. Mwishoni mwa mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003 watu wa Mambasa walitembea kwa miguu kuja Eringeti, Oicha na Beni. Julai 2013 Kamango ilishambuliwa, na watu zaidi ya 60,000 wakavuka kwenda Bundibugyo, Uganda. Wengi walipita kambi ya Bubukwanga, wengine wakapelekwa mpaka Kyangwali. Oktoba 2014 mauaji yakaanza karibu na Beni mjini, na hayakwisha. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Fikirini tayeri katika miezi ile: hawezi kupima mtu bila kumgusa, na kila mtu alikuwa anaogopa kuguswa. Kisha korona ikaja juu yake, na zile mashini zilizokuwa kimya zikaamka kushona barakoa kwa mabaki ya vikwembe.

Katika kila kukimbia, mwenye mashini alifanya hesabu ileile ndani ya dakika chache. Nani atabeba mtoto, nani atabeba unga, nani atabeba kichwa. Mama mmoja wa kwetu alifungua screw mbili za nyuma, akainua kichwa, akakifunga mgongoni mahali pa mtoto, na mtoto akatembea. Anasema mpaka leo yule mtoto, ambaye sasa ni kijana, anamuuliza kwa kucheka: "Mama, mashini ndiyo ulipenda?" Naye anamjibu: "Mashini ndiyo ilikulisha Kyangwali." Huko kambini aliweka kichwa juu ya sanduku, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kuume na kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto peke yake. Alishona hivyo miaka. Bega lake la kuume halijapona.

Kurudi na kichwa bila meza

Tulipoanza kurudi, misaada ilikuja, na tunashukuru kwa moyo. Kati ya misaada kulikuwa na mashini za kushona. Lakini tuseme ukweli kati yetu, kama watu wa nyumba moja. Mara moja zililetwa mashini za mkono, vichwa vitupu juu ya vibao vyao vidogo, zikagawanywa, picha zikapigwa, gari likarudi. Mwanachama mmoja alisimama na kuuliza: "Banatupatia kichwa. Miguu iko wapi?" Watu walicheka, lakini lilikuwa swali la kweli.

Mashini ya mkono juu ya kibao chake inainua kitambaa juu ya fasi mkono wako umekaa. Ukishona kitu kidogo, hakuna shida. Ukishona kikwembe cha yadi sita, karibu mita tano na nusu za kitambaa, uzito wote unaning'inia pembeni, unavuta sindano, sindano inavunjika. Ukiweka mashini chini, mgongo unakwisha. Ukiweka juu ya meza ya kulia, watoto wanakula wapi? Mwishoni mashini inasukumwa chini ya kitanda. Na mashini iliyo chini ya kitanda, siku mtoto akishikwa na malaria, ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa. Tuliona hivyo kwa macho yetu. Walioiuza si wavivu. Walipewa sehemu moja ya kitu chenye sehemu tatu.

Meza tuliyoijenga

Basi tukamwita yule mzee wetu na fundi wa mbao mmoja, mwanachama pia, tukasema: tutengenezeeni meza ambayo mama anaweza kuijenga nyumbani na msumeno, nyundo, patasi, tindo na mikono ya jirani. Hivi ndivyo walivyofanya, na tunaandika ili kila mmoja aweze kurudia.

Urefu wa meza hautoki kwenye kitabu. Mshonaji anakaa kwenye kiti atakachotumia, anakunja viwiko, na uso wa meza unakuja sawa na kiwiko ao chini yake kidogo. Kwa wengi ni karibu sentimita 75. Uso una sentimita 120 kwa 60, kwa sababu kikwembe kina upana wa sentimita 115 hivi mpaka 120. Nyuma tunaongeza ubao mwingine wa sentimita 60 unaokunjwa kwa bawaba, na mguu wake wa kuutegemeza. Ukiufungua, unapata meza ya 120 kwa 120, na kikwembe kinalala kwa upana wake wote bila kukunjwa. Ukiufunga, chumba kinabaki na fasi ya kupita.

Miguu tunaikata kwa mikaratusi inayojaa vilima vya Butembo, kwa sababu ni migumu na haina bei sana. Lakini mkaratusi mbichi unajipinda na kupasuka. Tunaupanga kivulini, vijiti kati ya kila ubao ili hewa ipite, na ncha tunazipaka rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati. Ukiweza kungoja miezi mitatu, ngoja. Kwa uso wa juu tunatafuta mbao zilizokauka kabisa, unene wa sentimita 3, tunazipiga randa mpaka kitambaa chepesi kikipita juu yake hakinasi. Chini ya miguu tunapaka mafuta ya gari yaliyotumika, juu ya mchwa, lakini chini tu: tone moja juu ya meza linaharibu nguo ya mteja.

Tundu ndilo lenye akili. Usipime kwa macho. Chukua karato, weka kichwa juu yake, chora kukizunguka na kalamu. Kichwa cha kawaida kina karibu sentimita 37 kwa 18, lakini viko vidogo kuliko hapo, na tundu la jirani halitafaa kwako. Kata tundu likiwa dogo kidogo kuliko mchoro, kisha pembeni chonga ngazi kwa patasi, ili kichwa kikae juu ya ngazi na uso wake ulingane na uso wa meza. Kwa mashini ya mkono, tunapigilia kibao chini ya tundu, chini kwa kadiri ya unene wa kile kibao chake, na upande wa kulia tunaacha wazi ili mkono uzunguke bila kugonga. Kwa aliyepata miguu yake ya zamani majivuni, tunasugua kutu, tunatia mafuta, tunafunga uso mpya juu yake, na tunatoboa tundu mbili za mkanda wa ngozi juu ya gurudumu.

Mwisho, funga mbao za mshazari kati ya miguu, nyuma na pembeni. Bila hizo meza itacheza tu. Ukimaliza, weka glasi imejaa maji juu ya meza, kanyaga pedali ao zungusha mkono kwa nguvu. Maji yakimwagika, rudi kwenye mbao za mshazari. Yasipomwagika, unaweza kuita wateja.

Buloni ao misumari

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na ndilo lililotuchelewesha kikaoni. Fundi alitaka kufunga miguu kwa misumari na gundi. Mama mmoja alikataa. Alisema: "Meza ni ya mutu mwenye kukaa. Miye sijuwe kama nitakaa." Watu walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshafikiri hivyo na hakuna aliyethubutu kusema. Kwa nini kutumia feza ya chama kujenga kitu ambacho hakibebeki, wakati hatujui usiku wa kesho?

Ndipo wakakubaliana na buloni: mbili kwa kila mguu, jumla nane, na ufunguo mmoja unaofungwa kwa kamba chini ya meza. Kwa dakika chache miguu inatoka, uso na miguu vinafungwa pamoja, na vinakwenda juu ya chukudu ao juu ya moto. Wengine wetu tulihuzunika kidogo. Tuliona ni kama kukubali kwamba tutakimbia tena. Lakini mama mwenyewe alijibu kwamba mtu akijua meza yake inaweza kutoka, ndipo anakubali kuiingiza ndani ya nyumba. Bila buloni angebaki na sanduku.

Tangu hapo meza za chama zinatengenezwa na buloni, na kila mwanachama anachagua mwenyewe. Wengi wanaacha hivyo. Wachache, baada ya miezi kadhaa, walimwita fundi tena, wakamwomba apige misumari. Hatukuwauliza sababu.

Na juu ya swali la kikao, tumeamua hivi: feza iliyopo itengeneze meza kwanza, kwa wale walio na kichwa bila fasi ya kukiweka. Mashini zingine zitafuata. Wafadhili wetu, mkitaka kutusaidia, leteni mashini na tutashukuru, lakini kwa kila kichwa mfikirie pia mbao, buloni nane, bawaba na mkanda. Ndivyo vinavyoizuia mashini kurudi sokoni.

Wanachama walioandikishwa kwa meza, kwenye kikao kijacho kila mmoja alete karato aliyochora kichwa cha mashini yake, na kipimo cha kiwiko chake akiwa amekaa. Walio na miguu ya zamani kwenye parsele, msiiuze kwa wanunua vyuma. Ileteni.